Kidole kimegusa, mashine haijasikia

Skrini ya mguso ikigoma, lawama ya kwanza hukiangukia kioo, na mara nyingi ni lawama ya bure. Katika vifaa vidogo vinavyoendeshwa na Linux, kama mizani ya dukani au mashine ya tiketi, ishara ya kidole hupitia chipu ya mguso, nyaya, draiva, kerneli na maktaba ya libinput kabla programu haijajua kwamba umegusa. Fundi anayeanza kwa kununua kioo kipya amehukumu kabla ya kuwasikiliza mashahidi.

Miji baridi ya Minneapolis na Saint Paul, Marekani, inaijua teknolojia ya mguso tangu zamani. Control Data Corporation, iliyoanzishwa Minneapolis mwaka 1957 na kuongozwa na William Norris, ndiyo iliyoipeleka sokoni PLATO, mfumo wa kufundishia uliobuniwa Chuo Kikuu cha Illinois. Terminali ya PLATO IV ya mwaka 1972 ilikuwa na skrini ya plazma ya nukta 512 kwa 512, na juu yake miale ya infraredi iliyougawa uso katika miraba 16 kwa 16. Kidole kikikata mwale wa wima na wa mlalo, mashine ilipata mraba mmoja kati ya 256. Ulikuwa mguso wa kukadiria, lakini hata glovu nene za Januari zingefaa, kwa sababu mwale haujali umekatwa na nini. Skrini nyingi za leo hupima badiliko la chaji linaloletwa na kidole; sufi ikikaa katikati, ishara hufifia. Kwa hiyo mashine iliyofaulu majaribio ofisini mwezi Julai inaweza kuonekana mbovu nje wakati wa theluji. Vua glovu, futa unyevu, kisha ndipo ushike bisibisi.

Bado haijibu? Kipimo cha kwanza ni evtest, zana inayoonyesha matukio ya mguso yanayotoka kwenye kerneli. Chagua kifaa cha mguso, telezesha kidole kona hadi kona, usome ABS_MT_POSITION_X na Y. Namba zikienda vizuri toka sifuri hadi ukomo, kioo na nyaya havina kosa; panda juu, kwenye libinput na programu. Zisipotokea kabisa, shuka chini, kwenye draiva na chipu. (Anayejenga mfumo mwembamba kwa Yocto aiweke evtest humo mapema, kabla mashine haijafungwa ukutani.)

Huko chini ndiko kwenye utamu. Chukua chipu ya Goodix GT911, iliyojaa katika vioo vya bei nafuu. Haina anwani moja kwenye I2C, nyaya inazozungumzia na prosesa. Ikiamka baada ya riseti huitazama pini yake ya INT: volti ikiwa chini hujiita 0x5d, ikiwa juu hujiita 0x14. Sasa faili la devaisi trii, linaloieleza kerneli vifaa vilivyounganishwa, likitaja 0x5d bila kuipa draiva pini za INT na riseti, hakuna anayeishika pini hiyo wakati wa kuwaka. Inaelea. Kifaa kinafanya kazi asubuhi, jioni kimekufa, na mafundi wanaapa kwamba waya umelegea. i2cdetect itakuonyesha chipu imejificha kwenye 14. Taja pini zote mbili, na draiva itafanya riseti na kuchagua anwani yenyewe.

Anwani ikiwa sahihi na bado kimya, tazama /proc/interrupts huku ukigusa. Hesabu ya chipu isipopanda, pini ya INT imetajwa vibaya au haijaunganishwa.

Mguso uliogeuka, wa kugusa kushoto ikajibu kulia, ni rahisi, lakini huharibiwa na wasaidizi wengi. Mmoja anaongeza touchscreen-inverted-x kwenye devaisi trii. Mwingine, bila kujua, anaweka LIBINPUT_CALIBRATION_MATRIX, matriki ya kugeuza upande uleule, kwenye kanuni za udev. Masahihisho mawili yanafutana. Kwa maoni yangu, kioo kilichofungwa kinyume kirekebishwe kwenye devaisi trii tu, na matriki iachiwe skrini iliyozungushwa na mtumiaji.

Na miguso ya mzuka, inayojibonyeza bila kidole, ikija chaja ikichomekwa na kukoma kwenye betri, usiguse msimbo. Badilisha chaja.