Nyumba Iliyokubali Mwamba: Namna ya Kuyapima Makazi ya Johannesburg

Johannesburg imejaa nyumba mpya zinazosifiwa kwamba zimeungana na asili. Utazikuta na ukuta mmoja wa mawe sebuleni, vioo vilivyoanzia sakafuni hadi darini, na mti uliopandwa uani ukiwa tayari mkubwa. Mnunuzi huambiwa kuwa hayo ndiyo mazingira. Nakataa. Kufanana na mahali kunaweza kununuliwa hata nyumba ikishakwisha. Kinachoipatanisha nyumba na mahali pake ni jinsi inavyoshughulika na mteremko, mwamba, jua na mvua ya hapo. Hayo huamuliwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, na mwenye jicho huyaona hata nyumba ikiwa na umri wa miaka mia.

Kabla ya kuhukumu nyumba yoyote, nenda kwanza kaangalie ardhi isiyojengwa. Iko karibu: Melville Koppies, hifadhi tangu 1959, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Hapo utauona mgongo wa Witwatersrand kama ulivyokuwa kabla ya dhahabu kugunduliwa 1886. Mwamba wake ni kwotsaiti, mchanga wa kale ulioshindiliwa ukawa mgumu kupindukia. Tabaka zake zimeinamia kusini, na upande wa kaskazini zinakatika na kuacha magenge. Jiwe likivunjwa leo ndani ni jeupe au la waridi. Uso uliokaa juani miaka mingi una kutu ya chuma, kahawia na rangi ya chungwa. Miti ni michache, imejibana kwenye nyufa, na sehemu kubwa iliyobaki ni nyasi. Msitu unaouona ukiwa juu ya kilima, pamoja na mijakaranda yote, umepandwa na watu. Angalia pia mabaki ya kuta za mawe za Watswana, yaliyopo hapo na vilevile katika hifadhi ya Klipriviersberg upande wa kusini wa jiji. Yamepangwa bila saruji wala chokaa, kila jiwe likishikwa na uzito wa wenzake. Saa mbili za kutembea hapo zitakupa kipimo ambacho hakuna kitabu cha picha kitakupa.

Sasa shuka mtaa wa Parktown, mahali ambapo msanifu Herbert Baker alijijengea Stonehouse mwaka 1902. Nyumba hiyo ilitumika kama makazi ya vijana wa utawala wa kikoloni wa gavana Mwingereza Milner, na sina haja ya kuipamba historia yake. Kwa ufundi, hata hivyo, bado ni shule. Mawe yake yalichimbwa kwenye kilima kilekile, kwa hiyo ukitazama kutoka chini ni vigumu kuonyesha mwamba unapoishia na ukuta unapoanzia. Nyumba nyingi za mgongo ule zilifuata njia hiyo, na ndizo za kujifunzia kusoma jiwe.

Anza kwenye pembe. Ukuta wa mawe wa kweli hugeuka kona kwa jiwe moja refu, kisha juu yake jingine lililoelekea upande wa pili, na hivyo hadi juu, pembe ikawa imefungwa. Mawe ya kubandika yana unene wa sentimita mbili au tatu. Kwenye kona utaona kingo mbili nyembamba zinakutana, na ufa wa wima unaopanda moja kwa moja kutoka chini hadi paani. Halafu ingiza mkono kwenye dirisha. Je, kuna kina kati ya uso wa ukuta na fremu? Ukuta mnene hulipa dirisha kivuli chake. Kisha inua macho juu ya uwazi: mawe yale yamebebwa na nini? Tao, linta ya jiwe, au boriti ya zege iliyoachwa ionekane, vyote ni majibu ya heshima. Mawe yanayoelea juu ya kioo cha mita nne bila kitu chini yake yanakudanganya mchana kweupe.

Kuna alama nyingine ambayo wengi huipita. Mwashi mwenye heshima hulilaza jiwe tabaka zake zikiwa za mlalo, na huuacha ule uso wenye kutu uelekee nje. Ukuta wa namna hiyo hauna rangi moja. Ukiona mawe yote yana weupe uleule na ukubwa uleule, yametoka kwenye rundo la dukani. Nisieleweke vibaya lakini: ukuta wa siku hizi mara nyingi ni matofali ndani na jiwe nje, na hilo si kosa, mradi jiwe lina unene wa kujibeba na limesimama juu ya msingi wake.

Wala jiwe si sharti. Huu ni mji wa matofali, na tofali la kuchoma lililoachwa bila plasta linaafiki udongo mwekundu wa nyanda za juu za Highveld kwa namna ambayo rangi ya kopo haiwezi. Peter Rich, msanifu wa Johannesburg, alionyesha jambo hilo linaweza kufika mbali kiasi gani katika kituo cha wageni cha Mapungubwe, mkoani Limpopo. Matao yake mapana yalijengwa kwa vigae vya udongo na saruji kidogo vilivyotengenezwa hukohuko na wakazi wa eneo hilo, na mwaka 2009 jengo likashinda tuzo ya Jengo la Mwaka la Dunia. Si nyumba ya kuishi, lakini ukishaliona utakuwa mgumu kuridhishwa.

Nyasi za kuezekea zinahitaji tahadhari ya pekee. Msanifu Hermann Kallenbach alijenga misonge ya nyasi katika mtaa wa Orchards mwaka 1907, akifuata makazi ya Kiafrika, na Gandhi akaishi naye humo mwaka uliofuata. Leo panaitwa Satyagraha House, ni makumbusho na nyumba ya wageni, kwa hiyo unaweza kuingia ukaangalia. Paa la nyasi likiwa jema lina mwinamo wa nyuzi 45 hivi, maji yasipate muda wa kuzama. Likilala zaidi ya hapo, nyasi huoza upesi. Uliza pia kuhusu mlingoti wa kuzuia radi, maana Highveld ina radi nyingi mno. Fundi aliyeusahau ameazima sura ya msonge bila kulifikiria anga lililo juu yake.

Jua ndilo linalowapoteza wageni kutoka kwetu Afrika Mashariki. Mtu wa Dar es Salaam amezoea jua linalohama: Desemba linapita kusini mwa nyumba, Juni kaskazini. Johannesburg iko nyuzi 26 kusini mwa Ikweta, na adhuhuri jua huwa kaskazini mwaka mzima. Desemba linakuwa karibu utosini, nyuzi 87. Juni linashuka hadi nyuzi 40. Msanifu anayejua kazi hujibu tofauti hiyo kwa upenu peke yake. Upenu wa sentimita 60, uliowekwa usawa wa ukingo wa juu wa dirisha la kaskazini, huliweka dirisha lote kivulini adhuhuri ya Desemba. Juni huficha nusu mita tu, na jua linalobaki huingia hadi sakafuni. Sakafu ikiwa ya zege, matofali au jiwe, hulihifadhi joto hilo kwa ajili ya usiku, na usiku wa Julai hapa hukaribia sifuri, mara nyingine hushuka chini yake. Kwa hiyo ipime nyumba Julai, saa kumi na mbili asubuhi, bila hita. Dirisha kubwa la magharibi ni dosari hata likiwa na mandhari ya kupendeza, maana jua la alasiri huingia chini ya kila upenu.

Nyumba ndogo inastahili haki hii zaidi, kwa kuwa mwenyewe hana fedha za hita. Nyumba za RDP, zile za ruzuku ya serikali zilizojengwa baada ya 1994, za mita za mraba 40 hivi, mara nyingi zilipangwa kufuata barabara, zikaelekea popote barabara ilikoelekea. Kuigeuza nyumba kwenye karatasi hakugharimu tofali hata moja. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba usanifu wa namna hii ni anasa ya watu wa mtaa wa kitajiri wa Westcliff.

Maji sasa. Mvua ya Johannesburg hunyesha zaidi kati ya Oktoba na Machi, mara nyingi alasiri, kwa kishindo na wakati mwingine kwa mvua ya mawe. Nenda siku ya mvua ya namna hiyo. Je, maji ya paani yanaenda wapi? Kwenye mteremko, nyumba inayojua ilipo huyaacha yapite pembeni yake au chini yake, yakapunguzwa kasi na mawe na mimea kabla ya kumfikia jirani. Tafuta matundu ya kutolea maji kwenye kuta za kuzuia udongo. Ukuta mrefu usio na matundu unabeba maji nyuma yake, na nyufa zake zitakueleza hivyo karibuni. Hapo utaona pia kosa kubwa kuliko yote: kiwanja kilichokatwa na buldoza kikawa tambarare, kisha nyumba ikawekwa juu ya meza hiyo. Hata ikivikwa mawe ya kilima chote, haina uhusiano nacho. Nyumba njema hushuka kwa ngazi ndani kwa ndani, sebule chini kidogo ya jiko, chumba chini kidogo ya sebule, na mahali fulani mwamba wenyewe huachwa utokeze.

Kuhusu miti, mfano ninaoupenda ni House of the Big Arch, iliyosanifiwa na ofisi ya Frankie Pappas ya Johannesburg huko Waterberg. Ina upana wa mita 3.3 tu, ikapenyezwa katikati ya miti kwa urefu, matofali yake yakichaguliwa yaendane na mawe ya hapo. Wembamba ule haukuwa mtindo; ndio nafasi ambayo miti iliiacha.

Bustani huumbua haraka. Zulia la kijani linalosifiwa kwenye matangazo ya nyumba ni nyasi za Kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Kenya na kuitwa kwa jina la watu wake. Hunywa maji mengi, na baridi ya Juni huzikausha zikawa rangi ya majani makavu. Mwenye nia atapanda nyasi za Highveld zenyewe, mshubiri, Protea caffra, na miti kama Celtis africana. Bustani ya namna hiyo wakati wa kiangazi cha baridi huonekana imechakaa kwa asiyejua. Kwa anayejua, huo ndio msimu wake wa dhahabu.

Kuhusu ukuta wa mpaka na nyaya zake za umeme, nitasema machache. Hofu ya wakazi ni ya kweli na simlaumu mtu. Ila pima kama msanifu aliufikiria: ukuta uliojengwa kwa mawe ya kiwanja, ukifuata mteremko, wenye mianya ya maji na ya wanyama wadogo, ni sehemu ya kazi yake.

Mwisho, omba ramani ya kiwanja kabla ya ile ya vyumba. Tafuta mistari ya miinuko, kila mwamba na kila mti uliochorwa mahali pake, na pembe za nyumba zilizopindishwa kwa sababu ya mwamba au mti huo. Ukiviona, ujue msanifu alikitembea kiwanja kabla ya kushika kalamu. Ukikuta mstatili mtupu na mshale wa kaskazini pembeni, rudi nje ukakague tena pale ukuta unapogusa ardhi, na uulize ni malori mangapi ya udongo na mawe yaliyoondolewa pale.