Sifa za Neno Bado

Daftari langu la kwanza la alama lilikuwa la karatasi, lenye jalada gumu la kijani, na ndani yake nilikuwa na lugha yangu mwenyewe. Mwanafunzi aliyeugua nilimwekea kistari. Aliyeahidi kuleta kazi kesho nilimwekea kitone cha penseli, ili akileta nikifute. Aliyekwama kwenye ngeli lakini nikimwona anakaribia, nilimchorea mshale mdogo unaotazama juu. Hakuna aliyenifundisha alama hizo. Kila mwalimu alikuwa na zake, na ukifungua daftari la mwenzako ulihitaji mkalimani.

Kisha tukaletewa kompyuta, na alama zote zikahamia kwenye lahajedwali. Visanduku vilionekana kutaka namba, nami nikavipa namba. Palipokuwa na kistari niliandika 0, kwa kuwa kisanduku kitupu kilinitia aibu, kana kwamba nimesahau kusahihisha. Mwisho wa muhula mmoja, msichana wa Gredi ya 5 akapata wastani wa 45.6. Alikuwa amefanya kazi tatu: insha 72, imla 80, ufahamu 76. Mbili hakuzifanya kwa sababu malaria ilikuwa imemlaza. Jumla yake, 228, ikagawanywa kwa 5 badala ya 3, na mtoto wa 76 akaenda nyumbani na 45.6. Mama yake alipokuja shuleni hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hizi sufuri mbili alizipataje, na hakuwepo?"

Sikuwa na jibu. Sufuri ni neno zito. Watoto huiita yai, na aliyepata yai huficha daftari chini ya dawati. Inasema kwamba mtu alikaa, akajaribu, asiambulie chochote. Msichana yule hakukaa wala hakujaribu. Nilikuwa nimetoa ushahidi juu ya jambo ambalo halikutokea, kisha mashine ikauzidisha ushahidi huo kwa uaminifu wote, maana mashine haina njia ya kumshuku mwalimu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza ufundi ambao leo nausifu: kuandika herufi mahali ambapo namba ingesema uongo. Nilikuta kwamba lahajedwali ina adabu kuliko nilivyodhani. Fomula ya wastani ikikutana na 0 huihesabu, lakini ikikutana na herufi huiruka, kama inavyoruka kisanduku kitupu. Hivyo H, yaani hakuwepo, haimwongezei mtoto kitu wala haimpunguzii. Tofauti ni kwamba kisanduku kitupu hakisemi lolote, ilhali H inasema. Atakayefungua jedwali hilo baada ya mwaka atajua kuwa mwalimu aliona nafasi ile, akaijua sababu yake.

Ufundi huu una miiko. Usijumlishe kisanduku kwa kisanduku kwa alama ya kujumlisha, kwani hapo herufi moja huangusha hesabu nzima na kukuachia onyo la kosa. Iache fomula ya wastani ifanye kazi yake. Andika ufunguo wa herufi juu ya jedwali, usiuweke kichwani. Weka orodha ya kuchagulia, ili mkono uliochoka usiache nafasi baada ya H. Jicho lako halitaiona nafasi hiyo, lakini kompyuta itakapohesabu H zote itaiacha ile moja, na nyuma ya herufi hiyo kuna mtoto. Na herufi ziwe chache. Mimi ninazo tatu tu: H, hakuwepo, S, amesamehewa, na B, bado.

Hiyo B ndiyo iliyonifungulia macho. Lugha yetu ina kiungo kidogo ambacho tunakitumia kila siku bila kukishukuru. Mtoto asiyeweza kugawanya tunaweza kumsema kwa namna tatu. Hawezi: hiyo ni hukumu. Hakuweza: siku imepita na mlango umefungwa. Hajaweza: mlango uko wazi, na msemaji amesimama kizingitini akisubiri. Silabi moja, -ja-, inabeba subira yote ya ualimu. Namba haina -ja-. Ukiandika 38, hakuna ajuaye kama 38 hiyo inapanda au inashuka, kama ndiyo kikomo au ni kituo cha kupumzikia. B inaposimama penye kisanduku, inanena kwa kauli ya hajaweza.

Si mimi peke yangu niliyehisi njaa ya maneno mahali pa namba. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mtoto wa Kenya alimaliza shule ya msingi akibeba namba moja ya mtihani, na wapo wazee wanaoikumbuka yao hadi leo. Mtihani huo wa kumaliza shule ya msingi ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa Umilisi, ulioingia madarasani nchi nzima Januari 2019 kuanzia shule za awali hadi Gredi ya 3, ulileta viwango vinne vya maneno: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Yatazame maneno hayo vizuri. Kufikia, kukaribia, mbali: yote ni maneno ya safari. Aliye mbali hajaambiwa kwamba hatafika.

Lakini maneno nayo huchakaa yasipolindwa. Katika tathmini ya kwanza ya kumaliza sekondari msingi, mwaka 2025, kila kiwango kiligawanywa mara mbili, vikawa 8, na kila kimoja kikapewa pointi, kuanzia 8 hadi 1. Taifa linalopanga watoto wengi katika shule chache linahitaji kipimo kama hicho, nami silaumu. Ndani ya daftari la darasa, hata hivyo, hakuna anayetulazimisha kuharakisha. Mtoto aliyezidisha matarajio katika kusimulia hadithi na akawa mbali katika kuandika si mtoto wa katikati. Ukimpatia wastani umempoteza mara mbili: hutauona uhodari wake, na hutajua wapi pa kumsaidia.

Kila Ijumaa mchana, darasa likishatulia, nalichuja jedwali zibaki B peke yake. Wiki nyingine zinabaki nane, wiki nyingine kumi na tano. Naita jina moja moja, tunaketi, tunarudia pale palipokwama. Akiweza, naifuta herufi mbele ya macho yake na kuandika alichokipata, pamoja na tarehe. Asipoweza, B inabaki, nasi tunaagana hadi Ijumaa ijayo.

Juzi mvulana mmoja alinifuata hadi langoni, mkoba begani, akaniuliza kama B yake ya ufupisho ingalipo. Nikamwambia ipo. Akasema, "Basi usiifute, Mwalimu. Nakuja Jumatatu." Katika miaka yangu yote ya kuandika sufuri, hakuna mtoto aliyewahi kuirudia yake.