Urithi, Urithikaji na Kurithisha: Uhakiki wa Istilahi za Uzalishaji wa Mifugo na Mimea

Katika mkutano mmoja wa wafugaji wilayani Bariadi, ambao mwandishi wa makala haya alihudhuria, bwana mifugo aliwaeleza wasikilizaji kwamba urithi wa maziwa kwa ng'ombe ni asilimia 25. Mzee mmoja akanyosha mkono akauliza: hiyo robo hutoka kwa dume au kwa mama? Watu wakacheka, na bwana mifugo, ambaye kazi yake anaijua vizuri, akakosa la kujibu. Mzee akakata shauri mwenyewe: ikiwa robo tatu za maziwa hutoka malishoni, basi hapana haja ya kuhangaika kutafuta dume bora. Kwa maneno aliyopewa, hoja yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika istilahi.

Urithi katika Kiswahili una maana iliyokwisha kukomaa. Ni kitu au hali ambayo mtu huachiwa na waliomtangulia. Huhesabiwa, hugawanywa, na pengine hugombaniwa mahakamani. Anayesikia urithi wa asilimia 25 hana budi kufikiri fungu la mali. Lakini dhana ambayo wataalamu huiandika kwa herufi h yenye kipeo cha 2 haihusu fungu la maziwa yaliyomo ndooni. Inahusu tofauti. Katika kundi moja, ng'ombe huyu hutoa lita moja, yule mbili na nusu, na mwingine tatu. Swali ni hili: kati ya tofauti hizo, ni kiasi gani kimeletwa na jeni ambazo wazazi huwapitishia watoto, na ni kiasi gani kimeletwa na majani, maji, maradhi na mkono wa mkamuaji? Asilimia 25 ni jibu la swali hilo peke yake. Tena ni jibu juu ya kundi. Halisemi lolote juu ya ng'ombe mmoja aliyefungwa mtini.

Mfano wa miguu hulidhihirisha jambo hili kuliko maelezo marefu. Ng'ombe huzaliwa na miguu minne kwa sababu wazazi wake walikuwa na miguu minne. Hapana sifa iliyorithiwa kwa ukamilifu zaidi. Hata hivyo, katika kundi zima hakuna tofauti ya idadi ya miguu inayotokana na jeni. Ukimwona wa miguu mitatu, amevunjika au ameumwa na fisi. Basi kwa hesabu ya wataalamu, kipimo chetu kwa idadi ya miguu ni sifuri. Istilahi inayomlazimu mwalimu kutamka kwamba miguu ya ng'ombe haina urithi ni istilahi mbovu, na mkulima ana haki ya kuikataa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza urithikaji. Kitenzi kurithika kimo katika utaratibu wa kawaida wa lugha yetu, kama kusomeka na kulimika, na nomino yake huundwa kama utendekaji. Neno halitaji mali iliyoachwa. Linataja kiasi ambacho jambo laweza kurithiwa. Tunakiri kwamba nalo lina hila yake: laweza kumfanya msomaji adhani kwamba urithikaji ni tabia ya kudumu ya maziwa au ya uzito, ilhali hubadilika kutoka kundi hadi kundi na kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo fasili yake isiandikwe kamwe bila kutaja kundi na mazingira.

Hili si suala la wanalugha tu. Chukua pamba, zao linaloilisha Bariadi tangu enzi ilipokuwa katika Mkoa wa Shinyanga, kabla Simiyu haijaundwa mwaka 2012. Aina za mbegu zilizotoka Ukiriguru, mkoani Mwanza, kama UK 91 na UKM08, zilipatikana kwa kuchagua vizazi hata vizazi. Uwiano wa nyuzi zinazopatikana baada ya kuchambua pamba kwa kawaida una urithikaji mkubwa kuliko mavuno kwa ekari, kwa kuwa mavuno huyumbishwa na mvua, palizi na wadudu. Tena kipimo kilichopatikana katika vitalu vya utafiti, ambavyo hupaliliwa kwa siku moja na mikono ileile, hakiwezi kuhamishiwa katika mashamba ambamo huyu amepanda Novemba na jirani yake Januari. Tofauti za matunzo zikiongezeka, urithikaji hupungua, ingawa mbegu ni ileile.

Neno tofauti lenyewe limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Mwaka 1918 R. A. Fisher, mtaalamu wa Uingereza, alipotaka kuonyesha jinsi visababishi mbalimbali vinavyoweza kujumlishwa, alilazimika kutunga neno jipya kwa wastani wa miraba ya tofauti kutoka wastani. Ikiwa Kiingereza hakikuona haya kutunga, nasi tusione haya kutenga neno mtawanyiko kwa kazi hiyo.

Imebaki istilahi ya tatu, ambayo wengi huitafsiri thamani ya uzazi. Hii ni tafsiri ya kubahatisha. Dume lenye thamani kubwa ya uzazi, kwa masikio ya Mswahili, ni dume linalopandisha majike mengi na kujaza zizi. Maana iliyokusudiwa ni nyingine. Dume halikamuliwi, ubora wake katika maziwa hujulikana kwa mabinti zake. Tuseme kundi lina wastani wa lita 2 kwa siku, na mabinti wengi wa dume fulani, waliozaliwa na mama wa kawaida na kutunzwa sawa na wenzao, wana wastani wa lita 2 na nusu. Wamezidi kwa nusu lita. Lakini kila binti amepokea kwa baba nusu tu ya jeni zake, kwa hiyo thamani ya baba ni maradufu ya ziada hiyo, yaani lita moja juu ya wastani. Urithikaji basi ni sehemu ya mtawanyiko wote inayotokana na thamani za namna hii.

Tulifikiria thamani ya mbegu, maana wafugaji husema dume la mbegu bila kufundishwa na mtu. Lakini huko Bariadi, msimu wa kupanda ukikaribia, thamani ya mbegu ni bei ya mbegu za pamba, na hapana atakayesikia jingine. Tunapendekeza thamani ya kurithisha, kwa kuwa kurithisha ni tendo la mzazi, na ndilo linalopimwa.

Tukirudi kwa mzee wetu, jibu alilostahili lilikuwa hili. Ukichagua madume na majike ambayo uzito wao unazidi wastani wa zizi kwa kilo 40, na urithikaji wa uzito katika zizi lako ni robo, tarajia watoto wao wazidi wastani huo kwa kilo 10, wakitunzwa kama wazazi wao. Mwaka wa ukame kilo hizo zaweza zisionekane kwenye mizani, lakini jeni zilizochaguliwa zingali zizini, na kizazi kitakachofuata kitaanzia hapo.