Utasema Nini kwa Dobi?

Mtaalamu wa tiba ya usemi anamwonyesha mgonjwa shati lililounguzwa na pasi. Anamwambia: uko kwa dobi, umefuata nguo yako, unarudishiwa hivi. Utasema nini? Kisha ananyamaza na kusubiri.

Hilo ni swali mojawapo la kipimo kiitwacho ANELT, kilichotungwa Uholanzi na Leo Blomert na wenzake na kuchapishwa mwaka 1994. Kimekusudiwa watu wenye afasia, yaani waliopungukiwa na uwezo wa lugha baada ya ubongo kuumia, mara nyingi kwa kiharusi.

Vipimo vilivyozoeleka humtaka mgonjwa ataje vitu vilivyo pichani, arudie maneno au amalizie sentensi. Vina kazi yake, kwani huonyesha ni kipi kilichoumia katika lugha. Ila havimjibu mke anayeuliza kama mumewe akienda dukani peke yake ataelewana na muuzaji. Swali hilo lilishughulikiwa mapema Marekani. Mwaka 1980 Audrey Holland alitoa kipimo cha CADL, ambacho humpa mtu alama hata akijieleza kwa ishara au kwa kuonyesha kidole, kwa kuwa wengi wenye afasia huwasiliana vizuri kuliko wanavyosema. Blomert alichagua uwanja mwembamba zaidi: maneno ya mdomo peke yake.

Hali zenyewe ni kumi tu, na kila moja imepimwa kwa makini. Unampelekea fundi kiatu chenye kasoro nyingi, lakini unataka atengeneze moja tu. Hapo kusema "tengeneza" hakutoshi. Lazima useme ni ipi. Watoto wanacheza mpira uani kwako na ulishawakataza. Una miadi na daktari, umepata udhuru, unapiga simu. Kila mara kuna mtu wa kuambiwa na jambo ambalo lisipotamkwa halitajulikana.

Uhodari mkubwa zaidi uko katika kutoa alama. Kila jibu hupimwa mara mbili, kuanzia 1 hadi 5: kwanza, ujumbe umefika kwa kiasi gani, pili, matamshi yanasikika wazi kiasi gani. Tuseme mmoja anajibu kwa shida: "Shati... moto... hapana! Mpya... wewe lipa." Sarufi imevunjika, lakini dobi ameshajua kosa lake na anachodaiwa. Mwingine anatiririka, kila neno linasikika, sentensi ndefu zinafuatana, ila mwishoni hujui kama analalamika, anashukuru au anaaga. Sikio la haraka lingemsifu huyu wa pili. Kipimo kinampa haki yake kwenye usikivu wa matamshi, na papo hapo kinaonyesha kuwa ujumbe haukufika.

Ndiyo maana ule ukimya wa mpimaji una thamani. Msikilizaji mwema hukamilisha maneno, hubahatisha, huuliza "Unamaanisha limeungua?" Nyumbani huo ni upendo. Kwenye kipimo, alama zingekuwa za msikilizaji. Kuna pia seti ya pili ya hali kumi zinazolingana na za kwanza kwa ugumu, ili mtu akipimwa tena baada ya tiba asije akasifiwa kwa kukumbuka majibu ya zamani.

Anayetaka kazi ya namna hii kwa Kiswahili asiishie kutafsiri. Dobi na fundi viatu tunao. Lakini kupiga simu kuahirisha miadi si desturi ya mtu ambaye maisha yake yote amekwenda zahanati alfajiri kupanga foleni. Akikwama hapo, huenda kilichomkwamisha ni ugeni wa jambo lenyewe, wala si afasia. Hali za kupimia zichotwe katika maisha ya anayepimwa: kudai chenji kwa kondakta, kumweleza jirani kuwa mbuzi wake wamekula mboga zako.

Nawe mwenye mgonjwa, usitosheke kuambiwa kwamba sasa anataja picha nyingi kuliko mwezi uliopita. Mwulize mtaalamu: akiwa na shida, ataweza kumweleza mtu asiyemjua akamwelewa? Jibu la swali hilo ndilo tiba inalopaswa kulifanyia kazi.