Makumbusho ya Leningrad: Ushujaa wa Umma ni Mali ya Nani?

Makumbusho ya vita ni shule ya siasa. Anayeyapanga huchagua kitakachoonekana na kitakachofichwa, nani aitwe shujaa na nani asitajwe. Kwa hiyo kada au mwanafunzi wetu aliyeko masomoni nchi za nje, akiingia humo kama mtalii na kutoka na picha za mizinga tu, amepoteza siku yake. Anapaswa kuingia na maswali mawili: Vita hivi vilipiganwa na nani? Na vinasimuliwa kwa faida ya nani?

Makumbusho ya Ulinzi na Kuzingirwa kwa Leningrad yanafaa sana kwa zoezi hilo. Yako katika mji ambao tangu 1991 umerudia jina la St. Petersburg, katika nchi ambayo vijana wengi wa Tanzania wamepata elimu ya juu.

Tuanze na swali la kwanza. Leningrad ilizingirwa kuanzia tarehe 8 Septemba 1941 hadi tarehe 27 Januari 1944. Lengo la Wanazi halikuwa kuuteka mji tu. Uongozi wao ulikwisha kuamua kwamba hata wakazi wakitaka kujisalimisha wasikubaliwe. Waachwe wafe kwa njaa. Kati ya Novemba na Desemba 1941, posho ya mkate ilishuka hadi gramu 125 kwa siku kwa mtumishi wa ofisini, mtoto na mtegemezi, na gramu 250 kwa mfanyakazi wa kiwandani. Mkate wenyewe ulichanganywa na vitu visivyo chakula ili uongezeke uzito.

Katika hali hiyo viwanda viliendelea kutengeneza silaha. Madereva walipitisha malori juu ya barafu ya ziwa Ladoga, wakileta unga na kuwaondoa watoto na wagonjwa. Wataalamu wa taasisi ya mimea walikufa kwa njaa huku wakilinda akiba ya mbegu ambayo hawakukubali kuila. Kipande kidogo cha mkate wa posho hufundisha mengi kuliko mzinga: mji uliokolewa na jeshi pamoja na umma uliokubali kuteseka kwa pamoja. Katika kuonyesha jambo hilo makumbusho haya yanastahili sifa.

Swali la pili ni gumu zaidi, na jibu lake limo katika historia ya makumbusho yenyewe. Maonyesho ya kwanza yalifunguliwa mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, na mwaka 1946 yakawa makumbusho kamili. Watu zaidi ya milioni moja waliyatembelea. Lakini mwaka 1949 milango ilifungwa. Viongozi wa chama wa Leningrad walituhumiwa kujenga ngome yao, na makumbusho yakashutumiwa kwamba yanaukuza mno mji na kupunguza nafasi ya Stalin. Kuznetsov, Popkov na wenzao, waliouongoza mji wakati wa njaa, walipigwa risasi tarehe 1 Oktoba 1950. Lev Rakov, mkurugenzi wa kwanza wa makumbusho, alitiwa gerezani. Mwaka 1953 makumbusho yalivunjwa rasmi. Baadhi ya vitu vilitawanywa, vingine viliharibiwa. Mwaka 1954, Stalin akiwa amekwisha kufa, waliouawa walitangazwa kuwa hawakuwa na hatia. Hata hivyo makumbusho hayakufunguliwa tena hadi mwaka 1989, na wakati huo wananchi walionusurika walileta vitu walivyokuwa wamevihifadhi majumbani mwao.

Idadi ya wafu nayo ilikuwa siasa. Katika kesi ya Nuremberg ilitajwa idadi ya watu 632,000 na ushei waliokufa kwa njaa. Wanahistoria wa baadaye waliiona kuwa ni ndogo mno, na wengi wanakadiria 800,000 au zaidi.

Wapo watakaosema kwamba Chama kina haki ya kuongoza kumbukumbu za taifa. Ni kweli, kuongoza ni wajibu wake. Lakini kuongoza kumbukumbu ni kuwasaidia wananchi waielewe historia yao, na kunyang'anya kumbukumbu ni kuwaambia kwamba hawakuiona njaa waliyoiona. Uongozi unaoona wivu kwa ushujaa wa umma umekwisha kujitenga na umma. Adui alishindwa kuivunja Leningrad kwa siku 872. Makumbusho ya ushindi wake yakavunjwa na watu waliojiita watetezi wake. Mwanafunzi asiyeliona somo hilo amesoma nusu ya ukurasa.

Somo hili linatuhusu. Njaa kama silaha ilitumika kwetu kabla ya kutumika Leningrad. Katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, majeshi ya ukoloni wa Kijerumani yalichoma mashamba na maghala ya kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makumbusho ya Songea yanawaenzi mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na ni haki yao. Je, mama aliyekufa njaa porini na wanawe tunamwenzi kwa kiasi gani? Vivyo hivyo, tukizuru makaburi ya askari wetu wa Vita vya Kagera kule Kaboya, tuulize pia habari za wanamgambo walioacha jembe wakashika bunduki, madereva wa malori, na wanavijiji wa Kagera waliopoteza nyumba na mifugo mwaka 1978.

Kazi iliyo mbele ya makada na wanafunzi ni ya vitendo. Wazee walioshuhudia Kagera wanapungua kila mwaka. Kila tawi linaweza kukaa nao, kuandika wanayoyasema kama wanavyoyasema, pamoja na yale yasiyotufurahisha sisi viongozi, na kuyahifadhi. Aliyeko masomoni ng'ambo naye asome historia ya kila makumbusho anayoyatembelea: yalijengwa lini, yalifungwa lini, na kwa amri ya nani. Umma uliobeba vita mabegani una haki ya kuisimulia habari yake, na chama cha wakulima na wafanyakazi hakina sababu ya kuiogopa.