Kati ya Mimu na Lamu

Jina la Jamalilail hulisikii kila mtaa. Kijana aliyefika nalo Lamu kutoka bara alikuwa na cheti cha zamani cha babu yake na swali moja: limetoka wapi? Maalim alimkaribisha barazani, akavaa miwani, lakini cheti hakukigusa.

Alianza kwa kuuliza. Bibi mzaa baba alimwitaje mumewe? Kwenu ni mtaa gani? Nani karithi jina la nani? Kila jibu aliliandika kwa penseli, kuanzia kulia kwenda kushoto. Kidau cha wino kilikuwa kando, kimefungwa. Wino, alisema, huja mwisho.

Ndipo akakishika cheti. Karani wa enzi zile aliandika kama sikio lake lilivyomwambia, kwa hiyo kazi ya pili ni kulirudisha jina kwenye hati ya Kiarabu. Maalim aliandika Jamalilail, chini yake Jamalullail kama uandikavyo ukoo unaotawala Perlis, huko Malaysia. Akaikwangua ile i na ile u kwa ncha ya penseli. Ni irabu tu, hubadilika kwa kanuni za nahau. Kilichobaki ni kimoja: jamal, al-layl.

Hapo ikaja kazi ya kioo cha kukuzia. Jamal bila herufi ya alifu ni ngamia. Ikiingia alifu kati ya mimu na lamu, linakuwa jamaal, uzuri. Alifungua kitabu cha nasaba kilichotobolewa na wadudu, akiinua kurasa kwa kipande cha karatasi ngumu, maana kidole kina jasho. Kati ya mimu na lamu palikuwa na mstari mwembamba wa wima. Ungedhani ndiyo alifu. Maalim aliuelekeza ukurasa kwenye mwanga wa mlango, akauinamisha kidogo, akaurudisha. Wino hukaa pale pale. Ule mstari ulififia. Lilikuwa kunjo la karatasi. "Ngamia wa usiku," akasema. Ni lakabu, akaeleza: aliyepewa kwanza alikuwa mtu wa kukesha katika ibada.

Kisha akashuka kwenye silsila, bin kwa bin. Kazi hii ina mtego wake. Mjukuu hupewa jina la babu, basi jicho huruka kutoka Ahmed hadi Ahmed na mtu mzima akapotea katikati. Dawa yake ni hesabu: karne moja hubeba vizazi vitatu hivi. Ukiona miaka mia na majina mawili, rudi nyuma. Maalim alirudi nyuma mara nne, kila mara akisoma kwa sauti ya chini.

Kisha akatafuta kigingi, mtu ambaye mwaka wake haubishaniwi. Alimchagua Habib Saleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha wa Lamu, aliyefariki mwaka 1354 Hijria, yaani 1935. Kutoka kwake njia inajulikana: alizaliwa Ngazija, wazee wake walipitia Pate, na kabla ya Pate ni Hadhramaut, kwa masharifu wa Tarim.

Ilibaki kumfunga kijana kwenye kigingi hicho. Majina yake yalipanda hadi baba wa babu, yakakoma. Upande wa pili silsila ilishuka, nayo ikakoma. Katikati paliachwa nafasi ya vidole viwili. Kijana alitaja jina lililoelekea kufaa. Lingeziba pengo vizuri, na hakuna ambaye angeuliza.

"Nani kakwambia, mwanangu?"

Kijana akanyamaza. Maalim akapiga mstari wa nukta mahali pale, akamtuma akasome makaburi ya kwao na akawaulize wanawake wazee, kwani wao ndio wajuao nani alimlea nani. Daftari likafungwa. Kidau cha wino hakikufunguliwa siku ile.