Mtoto wa Kiti cha Nyuma

Vitabu vyetu vya safari vinafanana kwa jambo moja, na ukishaliona huwezi kuacha kuliona: msafiri hana mtoto. Chukua Safari za Wasuaheli, mkusanyiko uliochapwa na Carl Velten mwaka 1901. Mmoja anaingia bara, mwingine, Salim bin Abakari, anafika mpaka Urusi na Siberia akiwa na bwana wake Mjerumani. Chukua maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe: kambi, vita, pembe za ndovu, madeni, halafu kambi tena. Ruka miaka mia na ushee uje kwa Adam Shafi na Mbali na Nyumbani, ambamo kijana anatoka Zanzibar macho yake yakiwa Ulaya, na hana wa kumlisha ila yeye mwenyewe. Ni vitabu ninavyovipenda. Lakini sikumbuki hata mmoja ambamo msafara unasimama kwa sababu kuna mtu wa miaka mitatu anataka kukojoa.

Siyo kwamba watoto hawakuwepo njiani. Walikuwepo, na walitembea njia zilezile za misafara, wengi wao wakiwa mateka. James Mbotela katika Uhuru wa Watumwa anaandika habari za watu walionaswa bara wakaletwa pwani, na kwake hiyo ni habari ya ukoo, maana baba yake alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo tuna fasihi mbili za safari zinazopita barabara moja. Katika moja, mtu mzima anasema na hana mtoto. Katika nyingine, mtoto anatembea na hapewi nafasi ya kusema.

Nililifikiria jambo hili likizo ya Desemba, tulipotoka Dar es Salaam kwenda Lushoto na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine mitatu. Kwenye begi nilikuwa na Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, nakala ya kivuli, kurasa zingine zimepauka. Kitabu hiki kilianza kuchapwa na wamisionari wa UMCA mwishoni mwa karne ya 19. Toleo ambalo wengi wetu tunalijua ni la 1962. Kimezoeleka kusomwa kama historia ya ukoo uliotawala Usambaa. Mimi nataka kukisoma kama kitabu cha safari ya mlimani, na nadhani ndicho kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo katika aina hiyo, kwa sababu ndani yake safari nzima inasababishwa na mtoto.

Kwanza niseme kidogo kuhusu sisi waandishi wa habari. Tuna aina yetu ya maandishi ya safari, inaitwa makala ya vivutio, na msomaji ameshaizoea kama anavyozoea tangazo la sabuni. Maporomoko ya Soni, kilele cha Irente, msitu wa Magamba, hewa safi, wenyeji wakarimu, mwisho serikali inaombwa iboreshe miundombinu. Yaani inaandikwa kana kwamba macho yalipanda mlima yenyewe, tumbo likabaki Mombo. Mitandaoni nako familia zipo, lakini zimesimama tu: baba, mama, watoto wawili pale Irente, chini yao Mazinde na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Picha nzuri. Kilichotokea kabla ya picha kimefutwa.

Na kilichotokea kabla ya picha ni barabara. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, na ndani ya kilomita hizo unapanda kutoka mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari mpaka karibu 1,400. Barabara inajikunja, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde. Mtu mzima wa kiti cha mbele anaona korongo, mto, migomba iliyoshikilia mteremko kama inaogopa kuanguka. Mtoto wa kiti cha nyuma anaona mgongo wa kiti na kipande cha mbingu kinachozunguka. Hawako katika safari moja hawa.

Mdogo wetu alitapika mara mbili kabla ya Soni. Ya pili tukasimama pembeni, mwenzangu akawa anamwagia maji, mkubwa anauliza kama ndiyo tumefika. Mama mmoja aliyekuwa anauza mapeasi akavuka barabara na nusu ya ndimu mkononi. "Mnusishe hii, mwanangu," akaniambia, "na maziwa usimpe tena mpaka mfike." Kisha akauliza mtoto ana miaka mingapi, tunatoka wapi, tunakwenda kwa nani. Tukakaa pale dakika ishirini, mahali ambapo hakuna kivutio na hakuna makala itakayopataja. Mtoto anakusimamisha mlima unapotaka yeye, si unapotaka wewe. Kama mwandishi anaficha kusimama huko, anaficha sehemu ya safari ambayo watu walimsemesha.

Sasa turudi kwenye kitabu. Shujaa wake, Mbega, ni mwindaji wa Nguu. Lakini kabla hajawa mwindaji alikuwa mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Kigego. Kwa mila ya wakati ule mtoto wa namna hiyo hakutakiwa kuishi, aliaminika kuleta vifo katika ukoo. Mbega akaishi. Akakua, na siku ya kugawana urithi ilipofika ndugu zake wakaikumbuka ile habari ya meno. Wakamnyima. Ndiyo mwanzo wa safari iliyomfikisha Usambaa, ambako aliwapa watu nyama, akapewa nchi, akakaa Vuga, na uzao wake ukatawala milima hii vizazi na vizazi.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, anaichambua hadithi hii kama ya mtu wa porini anayegeuka mfalme: uwindaji unageuka utawala, mgeni anageuka mwenye nchi. Sina ugomvi na usomaji huo, umetusaidia sana. Ila ukiusoma peke yake, meno yanakuwa alama tu, kama namba katika hesabu. Kitabu chenyewe hakifanyi hivyo. Nguvu ya Abdallah bin Hemedi ni kwamba hawafanyi ndugu wa Mbega kuwa mashetani. Ni watu wa kawaida wenye vifo nyumbani na mashaka moyoni, wanakaa, wanashauriana, wanafikia uamuzi. Hapigi kelele na hatoi mawaidha. Anaandika kama mtu anayetoa ushahidi, sentensi fupi fupi, akasema hivi, naye akajibu hivi. Kwa ladha yangu hii ni nathari bora kuliko nyingi zilizokuja baadaye zikiwa zimejaa mawaidha.

Kisha kuna tukio ambalo nadhani wasomaji wengi wanalipita haraka. Mbega akiwa Kilindi anafanya urafiki na mtoto wa mtawala. Wanakwenda pamoja kuwinda. Huko porini nguruwe mwitu anamuua yule mtoto wa mtawala, na Mbega na wenzake wanakimbia, hawarudi kueleza. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya utoto wake sasa anakimbia kwa sababu ya mtoto wa mwenzake. Ukisoma hapo ukiwa peke yako kwenye kochi ni kipengele cha hadithi, kinamsogeza shujaa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Ukisoma usiku, Lushoto, baridi imekaza, watoto wamelala chini ya blanketi mbili, na kesho unashuka barabara ileile, ni jambo jingine kabisa. Mtawala alimkabidhi mtu mwanawe. Safari yoyote yenye mtoto ni ya kukabidhiwa, hata kama mtoto ni wako mwenyewe. Nilirudi kwenye kurasa zile mara tatu kutafuta jinsi mwandishi anavyomtaja baba aliyebaki Kilindi. Hakai naye. Anafuata nyayo za wanaokimbia.

Na hapo ndipo penye udhaifu wa kitabu. Kinajua kwamba watoto ndio wanaosukuma kila kitu, lakini hakikai nao. Mbega anapokufa, wazee wanaificha habari, wanakwenda Bumbuli kwa wajomba kumchukua mwanawe Buge, wanamleta Vuga awe mtawala. Tunapewa mipango, siri na ujanja wa wazee. Safari hiyo, kutoka Bumbuli mpaka Vuga, ukiwa Soni unaweza kuonyeshwa kwa kidole inakopita. Lakini yule kijana alijisikiaje kutolewa kwa mama yake na kupelekwa kwenye kiti cha mtu aliyekufa, hatuambiwi. Mabaraza ya wanaume yamejaa kitabu kizima. Mama hatusikii akisema mengi.

Aliyeligundua hilo si mimi. Nilimsimulia mkubwa wangu habari za Mbega kwa maneno yake ya kitoto, simba, nguruwe, nyama. Hakuuliza habari ya ufalme. Aliuliza, "Kwani meno yana kosa gani?" Halafu, baada ya kimya, "Mama yake alisemaje?" Nikafungua kitabu kutafuta jibu. Nimesoma uhakiki mwingi wa kitaaluma ambao haujauliza maswali mawili mazuri namna hiyo.

Lile swali la meno lilinigusa kwa sababu ambayo yeye haijui. Mdogo wake aliota meno ya juu kwanza. Alikuwa na miezi tisa. Bibi mmoja wa upande wetu, anayempenda mtoto huyu kuliko anavyojipenda, alipoyaona alinyamaza, kisha jikoni akanivuta pembeni na kusema neno lile kwa sauti ya chini: kigego. Akaniambia nisiwaonyeshe watu mpaka ya chini yatoke. Hakuna aliyemdhuru mtoto, hakuna aliyefikiria kumdhuru, na wiki chache baadaye ya chini yakatoka na mambo yakaisha. Lakini neno lilisemwa nyumbani mwangu, kwenye jiji lenye mabasi ya mwendokasi, na mtu aliyesoma mpaka darasa la saba na kulea watoto sita. Alikuwa akimlinda, siyo akimlaani. Ndugu wa Mbega nao, nadhani, walikuwa wakijiona wanalinda kitu.

Ndiyo maana siwezi kukubali Habari za Wakilindi kiwekwe kwenye rafu ya mambo ya kale, kitolewe tu mwanafunzi anapotaka tanbihi. Ni kitabu kinachosema kwamba milima hii ilipata watawala wake kutokana na mtoto ambaye ukoo uliona afadhali asingekuwepo. Wasambaa wana maneno yao ya kueleza kazi ya mtawala, kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake, kubana shi, kuiharibu. Msomaji yeyote wa Mbega anaweza kujiuliza: walioiharibu nchi ya Nguu ni nani, yule mwenye meno au wale waliomfukuza mwindaji wao bora akaenda kulisha watu wengine?

Nina maombi mawili, basi. La kwanza ni kwa wachapishaji. Kitabu hiki kitolewe upya kwa Kiswahili, chenye maelezo mafupi ya maneno ya kale na ramani moja safi, kwa bei ambayo mwalimu wa Korogwe anaweza kuilipa. Kiswahili chake hakimshindi kijana wa sekondari. Kinachomshinda ni kukipata.

La pili ni kwetu tunaoandika. Sasa hivi familia nyingi zinapanda milima kwa gari kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, Lushoto, Uluguru, Marangu, Njombe. Simu zimejaa picha na fasihi haina kitu. Tusiseme safari na watoto ni jambo dogo la nyumbani lisilostahili insha. Msafiri wa Velten alikuwa na uhuru wa kuangalia mbele muda wote, na alichokiona mbele alikiandika vizuri. Mzazi anaangalia kioo cha kati. Anaiona barabara na uso wa mtoto kwa mara moja, na hofu yake ina sababu, maana kona zile zimeshaua watu. Mtazamo wa namna hiyo haujapata mwandishi wake kwa Kiswahili, na si mtazamo mdogo.

Kwa hiyo ukitaka kuandika safari yako ya Lushoto, Irente iache mpaka mwisho, ikibidi iache kabisa. Anza Mombo, pale gari linapoacha barabara kuu na kushika kona ya kwanza, na utuambie nani alikuwa nyuma, na alikuwa anaona nini.